TSPO imeanguka, lakini njia ya kolesteroli haijapotea

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani na wenzao wa Australia, kila kundi kwa panya wake, walitangaza jambo moja: wamezalisha panya wasio na jeni ya protini iitwayo TSPO, na panya hao wanaishi, wanazaa na wanatengeneza homoni za steroidi bila shida. Kwa aliyefundishwa kwamba TSPO ndiyo mlango unaopitishia kolesteroli ndani ya mitokondria, vijumba vya nishati vya seli, habari hiyo ilikuwa tetemeko. Zaidi ya miaka 10 imepita, na bado tetemeko lile linasomwa vibaya. Wako wanaolichukulia kuwa ugomvi wa maabara mbili tatu, kwa hiyo wanaendelea kuchora TSPO kwenye utando wa nje wa mitokondria kama tundu la kolesteroli. Wako pia waliokimbilia upande wa pili: kama mlango uliofundishwa kwa miaka zaidi ya 20 si mlango, basi hakuna anayejua lolote kuhusu namna seli inavyoanza kutengeneza kortisoli au testosteroni. Hoja yangu ni kwamba pande zote mbili zimekosea. Ushahidi wa jeni umeiondoa TSPO kwenye nafasi iliyopewa, na ushahidi wa aina hiyohiyo umeithibitisha protini nyingine, StAR, kwa uzito ambao TSPO haikuwahi kuwa nao. Kilichobaki gizani ni kipande kimoja tu cha safari: namna kolesteroli inavyovuka kutoka utando wa nje hadi wa ndani baada ya StAR kufanya kazi yake.

Tuanze na sababu ya kipande hicho kuwa na uzito. Homoni zote za steroidi, yaani kortisoli, aldosteroni, testosteroni, estrojeni na projesteroni, zinatokana na kolesteroli. Hatua ya kwanza ni kuikata: kolesteroli ina kaboni 27, na kimeng'enya kiitwacho CYP11A1 kinaondoa mkia wa kaboni 6 ili ipatikane pregnenoloni yenye kaboni 21, ambayo ndiyo mzazi wa homoni zote hizo. Kimeng'enya hicho kimekaa kwenye utando wa ndani wa mitokondria. Kolesteroli kwa upande wake inafika kutoka nje, ama ikitolewa kwenye matone ya mafuta yaliyohifadhiwa ndani ya seli, ama ikiletwa na lipoprotini za damu, ama ikitengenezwa na seli yenyewe. Kati ya utando wa nje na wa ndani kuna nafasi ya majimaji, na kolesteroli karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Ikiachwa ijivushe yenyewe, mwendo wake ni wa polepole mno kwa kazi iliyopo. Wakati huohuo seli za adrenali (tezi zilizo juu ya figo), korodani na ovari haziwezi kutengeneza homoni hizi mapema na kuziweka akiba, kwa sababu steroidi hupenya tando za seli na kutoka zenyewe. Mwili unapohitaji kortisoli, tezi ya pituitari inatoa homoni ya ACTH, na adrenali inapaswa kuitengeneza kortisoli papo hapo, ndani ya dakika chache. Kasi ya kazi nzima, basi, inaamuliwa na kasi ya kuivusha kolesteroli.

Hapa nitasimama kidogo, maana jambo hili linasahaulika sana katika mazungumzo ya afya mitandaoni. Husemwa kwamba kwa kuwa kolesteroli ni malighafi ya homoni, basi kula mafuta zaidi huongeza homoni. Hesabu hiyo inaruka lango, yaani hatua hiyo ya kuvusha. Seli ya adrenali ambayo haijapata ishara ya ACTH inaweza kuwa imejaa matone ya kolesteroli na bado ikatoa kortisoli kidogo tu. Akiba ipo, ila haijaitwa. Kuongeza akiba nyuma ya lango lililofungwa hakulifungui.

Kwamba lango lenyewe ni protini, tena protini ya muda mfupi, kulijulikana tangu miaka ya 1960. Watafiti walizipa seli za adrenali dawa ya saikloheksimidi, inayozuia utengenezaji wa protini mpya, na wakaona mwitikio wa ACTH unazimika upesi. CYP11A1 ilikuwepo na kolesteroli ilikuwepo, lakini baadaye ilionekana kwamba kolesteroli hiyo inarundikana kwenye utando wa nje wa mitokondria bila kufika ndani. Kilichokuja kuthibitisha ni aina ya kolesteroli iliyoongezewa kikundi cha haidroksili, ambayo hujivusha kwenye maji kwa urahisi. Seli zilizopewa aina hiyo zilitengeneza steroidi nyingi bila kungoja ishara yoyote, na hivyo ikajulikana kwamba mashine ya ndani ni nzima na kinachokosekana ni mvushaji. Uwindaji wa mvushaji huyo ulichukua takriban miaka 30, na katikati ya uwindaji ndipo TSPO ilipoingia.

TSPO iligunduliwa mwaka 1977 kwa njia ya pembeni kabisa. Watafiti waliokuwa wakichunguza mahali diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi ya jamii ya benzodiazepini, inaponata mwilini waliikuta ikinata kwenye figo za panya, mbali na ubongo ilikotarajiwa. Protini hiyo iliitwa kipokezi cha pembeni cha benzodiazepini. Baadaye ilionekana kuwa imejaa kwenye tezi zinazotengeneza steroidi, kwamba inakaa kwenye utando wa nje wa mitokondria, na kwamba kemikali zinazonata nayo, kama ile iitwayo PK11195, huongeza steroidi kwenye seli zilizokuzwa maabara. Mtafiti Vassilios Papadopoulos na wenzake walijenga juu ya hayo nadharia kamili. Walionyesha sehemu ya protini hiyo inayoshika kolesteroli, wakaripoti mwaka 1997 kwamba seli za korodani zilizovurugiwa jeni hiyo hupoteza uwezo wa kutengeneza steroidi, na katika makala ya mapitio ikatajwa kwamba panya wasio nayo hufa wakiwa bado vijusi, bila data kamili kuwekwa mezani. Mwaka 2006 jina lake likabadilishwa rasmi kuwa protini ya kuhamisha (kwa Kiingereza translocator protein, ndiyo TSPO), na tangu hapo kila aliyelitamka jina hilo alikuwa anarudia hitimisho ambalo lilikuwa bado halijapitia mtihani mgumu kuliko yote.

Sidharau nadharia hiyo. Ushahidi wake ulikuwa mwingi na uliotoka pande nyingi, na mtafiti makini wa mwaka 2000 alikuwa na haki ya kuiamini. Udhaifu wake ulikuwa kwamba karibu kila kipande kilikuwa cha aina moja: TSPO ipo pale kazi inapofanyika, inashika kile kinachobebwa, na kemikali inayoigusa inabadilisha matokeo. Kumkuta mtu sokoni kila siku, ameshika nyanya mkononi, si ushahidi kwamba ndiye muuzaji. Unahitaji kumwondoa uone kama biashara inakwama.

Walipomwondoa, biashara haikukwama. Kundi la Vimal Selvaraj pale Cornell lilianza kwa kuifuta jeni kwenye seli za Leydig za korodani pekee, zile zinazotengeneza testosteroni, kisha likaifuta kwa panya mzima. Testosteroni ilikuwa ya kawaida, panya walizaa, adrenali ziliitikia ACTH. Mwaka 2015 kundi hilo likaongeza jaribio ambalo kwangu ndilo lililoumaliza upande wa dawa. Walizipa PK11195 seli za MA-10, aina ya seli za Leydig zinazotumika sana maabara, baada ya kuziondolea TSPO. Steroidi ziliongezeka vilevile. Kemikali iliyokuwa nguzo ya nadharia inafanya kazi yake hata pale protini inayodaiwa kuipokea haipo. Mwaka 2020 likaja jambo la asili ambalo halikuhitaji kufuta jeni yoyote: adrenali za hamsta zilionekana hazina TSPO, na hamsta hutengeneza homoni zao kama wanyama wengine.

Watetezi wa TSPO hawakukaa kimya, na baadhi ya majibu yao yanastahili kusikilizwa. Mwaka 2015 kundi la Papadopoulos lilichapisha matokeo ya panya waliofutiwa TSPO kwenye tezi za steroidi, na adrenali zao hazikuitikia ACTH inavyotakiwa. Miaka iliyofuata likaripoti upungufu kwenye seli za MA-10 zilizofutiwa jeni, na mabadiliko kwa panya wa jamii kubwa (rat) wenye jeni iliyovurugwa. Matokeo haya hayawezi kufagiliwa chini ya mkeka. Lakini tuyapime kwa kile yanachodai. Katika panya wale wa 2015 testosteroni haikuporomoka. Kama TSPO ni tundu ambalo kila kolesteroli hulipitia, korodani haiwezi kuendelea na kazi huku adrenali ikikwama, kwa sababu mitokondria za pande zote mbili zinakabiliwa na ukuta uleule wa maji. Kwa kadiri ya juu kabisa matokeo hayo yanaonyesha kwamba TSPO inagusa afya ya mafuta au ya mitokondria kwa namna inayoweza kuathiri adrenali katika mazingira fulani. Hilo nalipokea bila kinyongo. Kuwa tundu lisiloepukika ni dai jingine, kubwa zaidi, na halijasalimika.

Jibu lao dhaifu kuliko yote ni lile la fidia: kwamba panya alipokua bila TSPO tangu yai, protini nyingine ilijitokeza na kuchukua nafasi yake. Hoja hii hupendwa kwa sababu haihitaji kutaja protini hiyo ni ipi. Dai ambalo linaweza kuokoa nadharia yoyote ile dhidi ya jaribio lolote lile halina msaada kwa anayetaka kujua. Zaidi ya hapo, tunayo kesi ya kulinganisha. StAR inapokosekana, mwili haupati fidia hata kidogo ya kutosha. Panya hapati, na mtoto wa binadamu hapati. Iweje hatua hiyohiyo, kwenye seli hizohizo, iwe na mrithi mwaminifu kwa protini moja na isiwe na yeyote kwa nyingine?

StAR ilipatikana mwaka 1994, pale Barbara Clark na Douglas Stocco wa Texas walipoitoa jeni yake kutoka seli za MA-10. Ilikuwa na tabia zote za mvushaji aliyekuwa akisakwa: inatengenezwa haraka ishara ikifika, na utendaji wake unaisha haraka ishara ikikatika. Mwaka uliofuata kundi la Walter Miller na washirika wake lilionyesha kwamba hitilafu kwenye jeni hiyo ndiyo husababisha ugonjwa wa kurithi unaoitwa haipaplasia ya adrenali ya kilipidi, ambao ulikuwa umeelezwa tangu miaka ya 1950. Watoto wenye ugonjwa huu huzaliwa na adrenali zilizovimba na kujaa kolesteroli, huku damu yao ikiwa karibu haina steroidi. Mtoto mwenye kromosomu za kiume huzaliwa na maumbile ya nje ya kike kwa sababu korodani zake hazikutoa testosteroni tumboni. Bila kupewa homoni za kuziba pengo, mtoto hupoteza chumvi na maji na hufa. Mwanzoni ilidhaniwa kimeng'enya cha CYP11A1 ndicho kibovu, lakini jeni yake ilikutwa nzima kwa wagonjwa waliopimwa. Mwaka 1997 panya waliofutiwa StAR wakaonyesha picha ileile.

Undani wa ugonjwa huu ndio unaonishawishi kuliko jaribio lolote la maabara. Miller na wenzake waliueleza kwa hatua mbili. Kwanza StAR inakosekana na steroidi zinashuka sana, ingawa hazifiki sifuri, kwa sababu kiasi kidogo cha kolesteroli huvuka bila StAR. Kisha pituitari, ikiona homoni hazitoshi, inaendelea kuichapa tezi kwa ishara, tezi inakusanya kolesteroli isiyokuwa na pa kwenda, na mrundikano huo unaiharibu seli yenyewe. Maelezo haya yalibeba utabiri. Ovari hazisukumwi kwa nguvu kabla ya balehe, kwa hiyo zinapaswa kuwa bado nzima mtoto wa kike anapofika umri huo. Ndivyo ilivyo: wasichana wenye ugonjwa huu, wakiwa wametunzwa kwa homoni tangu utotoni, huweza kuanza balehe wenyewe na hata kupata hedhi, kabla ovari nazo hazijaanza kuharibika. Nadharia ya TSPO haikuwahi kutoa utabiri wa namna hiyo ukathibitika kwa mwili wa binadamu.

Pamoja na hayo, wanaosema StAR imemaliza mjadala nao wanakwenda mbio kuliko ushahidi. Tunachojua kuhusu utendaji wake ni cha ajabu. StAR hutengenezwa ikiwa na uzito wa kilodaltoni 37 (kipimo cha uzito wa molekuli), ikiwa na mkia wa mbele unaoielekeza kuingia ndani ya mitokondria, ambako hukatwa ikabaki na kilodaltoni 30. Kwa kawaida ungedhani inafanya kazi pale inakofikia. Lakini StAR iliyokatwa mkia huo, isiyoingia kabisa, huvusha kolesteroli vizuri. Mwaka 2002 kundi la Miller liliifunga StAR kwenye utando wa nje isiweze kusogea, nayo ikafanya kazi mfululizo, na walipoiweka ndani ya mitokondria moja kwa moja, haikufanya lolote. Kuingia ndani, basi, ndiko kunakoizima. Seli imejitengenezea swichi inayojifunga yenyewe, na ndiyo maana protini mpya inahitajika kila dakika ishara ikiwa hewani. Fumbo la saikloheksimidi la miaka ya 1960 lilipata jibu hapo.

Umbo lake, hata hivyo, halilingani na kazi inayodaiwa. StAR ina mfuko unaobeba kolesteroli moja kwa wakati mmoja. Makadirio ya maabara ni kwamba molekuli moja ya StAR husababisha kolesteroli zipatazo 400 kuvuka kila dakika. Protini iliyogandishwa kwenye utando wa nje, yenye mfuko wa mzigo mmoja, haiwezi kwenda na kurudi mara 400 kwa dakika kupita maji ambayo haiyaingii. Kuna pia hitilafu moja ya jeni, R182L, iliyopatikana kwa wagonjwa: StAR yenye hitilafu hiyo hushika kolesteroli na kuihamisha kati ya tando bandia kwenye chupa, lakini ndani ya seli haizalishi steroidi. Kushika na kuhamisha peke yake hakutoshi. Maana yake, kwa usomaji wangu, ni kwamba StAR inabadilisha kitu kwenye utando wa nje, au inamwamsha mshirika aliyepo pale, na kolesteroli inapita kwa wingi kwa njia ambayo StAR yenyewe siyo.

Washirika waliopendekezwa ni wengi: protini za VDAC, ATAD3A na TOM22, na maeneo ambamo retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa tando ndani ya seli) hugusana na mitokondria. Mwaka 2018 familia ya protini ziitwazo Aster iliongezwa kwenye picha, na mojawapo, Aster-B, ni muhimu kwa adrenali za panya katika kuipokea kolesteroli kutoka utando wa seli na kuihifadhi. Sitazipitia moja moja. Nyingi kati ya hizi zina kazi nyingine ambazo bila hizo seli hudhoofika au hufa, kwa hiyo kuziondoa na kuona steroidi zimeshuka hakuelezi mengi, kama vile nyumba ikibomoka huwezi kujua kitasa kipi kilikuwa kibovu. Ninachosisitiza ni kipimo kilekile: mshirika anayependekezwa leo apite mtihani ambao TSPO iliufeli, kabla hajachorwa kwenye kitabu.

Mambo haya yana uzito nje ya maabara. Dawa kadhaa zimependekezwa kwa hoja kwamba zikiigusa TSPO, ubongo utatengeneza steroidi zake zinazotuliza wasiwasi. Etifoxine, iliyotumika Ufaransa kwa wasiwasi, ilielezwa kwa sehemu kwa njia hiyo, ingawa hunata pia moja kwa moja kwenye vipokezi vya GABA, kemikali inayotuliza ubongo, na hilo peke yake linaweza kueleza mengi. Mgonjwa aliyepata nafuu amepata nafuu kweli, lakini anayetaka kutengeneza dawa bora zaidi akilenga TSPO kwa ajili ya steroidi anajenga juu ya msingi ambao panya wa 2014 waliuondoa. Eneo la pili ni picha za ubongo. Kwa miaka mingi picha za PET zenye kemikali za mionzi zinazonata na TSPO zimetumika kupima kama seli za mikroglia, walinzi wa ubongo, zimechachamaa katika magonjwa kama Alzheimer. Mwaka 2023 utafiti uliochapishwa na jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba TSPO hupanda ndani ya mikroglia zilizochachamaa za panya, lakini haipandi hivyo kwa binadamu. Kwa binadamu ishara kubwa ya TSPO inaweza kumaanisha tu kwamba seli hizo ni nyingi zaidi. Kuna pia tofauti ya kurithi, rs6971, inayofanya kemikali nyingi za aina hiyo zinate kidogo kwa baadhi ya watu walio wazima kabisa. Kwa hiyo majaribio ya dawa yanayotumia picha hizo kama kipimo cha mafanikio yanahitaji kusomwa upya.

Na liko kondo la nyuma la binadamu, ambalo huwa halipewi nafasi katika mjadala huu. Halina StAR kabisa. Hata hivyo hutengeneza projesteroni nyingi inayoushikilia ujauzito, na ndiyo sababu watoto wasio na StAR huweza kufika mwisho wa mimba wakazaliwa. Protini ya jamii ya StAR iitwayo STARD3 ilidhaniwa ndiyo inayofanya kazi hiyo, lakini panya waliovurugiwa sehemu yake inayoshika kolesteroli waliendelea kuishi na kuzaa, jambo linalodhoofisha dhana hiyo hata kama kondo la panya si sawa na la binadamu. Tezi nzima inaivusha kolesteroli kwa miezi tisa bila yule tunayemjua na, kwa kila dalili, bila kumhitaji yule tuliyemdhania. Ningekuwa na fedha za utafiti wa kugawa, ningezipeleka huko kwanza, kwa sababu njia inayofanya kazi bila StAR ndiyo inayoweza kutuonyesha StAR hufungua nini pale inapokuwepo.